Mungu Hana Matuta Magamba

Nyie vijana mliopewa ufunguo wa chumba cha maombi, kaeni chini msome. Najua mna simu, na daftari la bibi aliyeishia darasa la tatu halina picha. Someni hivyo hivyo. Magoti yangu yamekataa kazi, ufunguo nimewakabidhi baada ya mavuno, na wiki haijaisha nasikia mmeshaingiza spika mle ndani. Chumba cha hatua nane kwa sita. Sijui mnataka kumsikilizisha nani ambaye siku zote alikuwa hasikii.

Habari za vyeo hazimo humu. Kazi yangu haikuwa na cheo, ilikuwa na ufunguo na ufagio. Nawaandikia jinsi tulivyofanya kazi miaka ya tisini, ili mkikosea mkosee makosa yenu mapya, ya kwangu nimeshayakosea mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa mbili. Ya kwanza kutunza chumba: kufagia, kupaka sakafu udongo kila mwezi, kuanika majamvi, kujaza mtungi wa maji kwa ajili ya wanaomaliza kufunga. Ya pili, ambayo ndiyo ngumu, kupima ujumbe. Kanisani kwetu hapa Magamba mtu hakuruhusiwa kusimama Jumapili akasema Bwana kaniambia hivi juu ya fulani. Alianza chumbani kwetu. Tulikuwa wanawake watatu, anatueleza, tunampima, tukiridhika ndipo anasimama.

Aliyenifundisha ni Bibi Zilipa. Alikuwa ametoka Burundi zamani na mtoto mgongoni, akaishi kwenye makazi ya wakimbizi, akalima, akazeekea kwetu. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii kabisa. Wenye maneno mengi aliwakalisha upande huo.

Siku ya kwanza nilifika nimejitayarisha. Nimefunga, nimevaa kitenge kizuri, nina maombi marefu kichwani. Bibi Zilipa akanipa ndoo. Nikachota maji. Niliporudi akanipa ufagio. Nikafagia. Nikadhani sasa tutaomba. Tukaomba, kwa kifupi tu, kama watu wanaosalimiana njiani. Halafu akaleta ungo wa maharage akaweka katikati yetu, akasema tuchambue na mtu asiseme kitu mpaka ungo uishe.

Ule ungo ulikuwa mkubwa. Nilikaa pale nachambua, nawaza mboga, nawaza ng'ombe wa jirani, namwaza mwanangu Yusta ambaye nilimwacha na wadogo zake. Tulipomaliza akaniuliza nimesikia nini. Nikasema sijasikia kitu. Akasema vizuri, angalau wewe si mwongo, njoo kesho.

Ndivyo ilivyokuwa, mwaka hata mwaka. Kuomba kidogo, kuchambua maharage sana. Alikuwa anasema mikono ikiwa na kazi ndogo, kichwa kinachoka kupiga kelele, na kikishachoka ndipo mtu anaweza kuambiwa kitu. Nyie mkimaliza kuomba mnainuka kama mmeitiwa basi la Inyonga. Umeuliza swali, umeondoka, halafu unalalamika hujajibiwa.

Sasa ndoo. Kila aliyekuja na ujumbe, kabla hajafungua mdomo, Bibi Zilipa alimpa ndoo akachote maji kisimani. Hata awe mzee wa kanisa. Akirudi na bado anao ujumbe, tunamsikiliza. Msicheke, ujumbe mwingi uliishia njiani. Masika kisima cha karibu kilikuwa na maji, na Mungu alikuwa anasema na watu wengi sana. Kiangazi ilibidi mtu ateremke mpaka mtoni, na Mungu naye akapunguza maneno.

Kuna baba mmoja alikuja na ujumbe kwamba ameambiwa aongeze mke. Akapewa ndoo. Aliporudi ametoka jasho, Bibi Zilipa akamwambia sawa, sasa kamlete mama watoto tumwulize kama na yeye ameambiwa. Yule baba akasema pengine hakusikia vizuri. Ndoo tuliipata, yeye hatukumwona tena mpaka Pasaka.

Wengine walikuwa vijana wa kwaya. Mwezi mmoja walikuja watatu, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja ameoneshwa kwamba mke wake ni msichana fulani wa sauti ya kwanza. Msichana ni huyo huyo. Bibi Zilipa akawaita siku moja, akawakalisha kwenye jamvi moja, akawaambia wakubaliane kwanza wao kwa wao, sisi tutawasubiri nje. Tulisubiri mpaka jua likatuhamisha kivulini. Walipotoka hakuna aliyekuwa ameoneshwa kitu. Msichana mwenyewe aliolewa Litapunga na fundi baiskeli ambaye hakuoneshwa chochote, alimwuliza tu.

Halafu kulikuwa na mjane mmoja, mtu wa aibu, hata salamu anaitoa kama anaiba. Alichota maji ndoo mbili bila kuambiwa ya pili. Akasema kila akikaa kimya anasikia arudishe jembe la jirani, alilokaa nalo tangu masika ya mwaka juzi akijifanya amesahau. Akalia. Hakuwa na ujumbe kwa mtu mwingine yeyote. Alipoondoka Bibi Zilipa akatuambia, huyo ndiye amesikia. Nikauliza amejuaje. Akasema, "Mungu akisema na wewe anaanza na wewe. Akianza na jirani yako, muulize vizuri ni nani."

Niliyashika maneno hayo nikayatumia kwa watu wengine miaka yote. Kwa watu wengine.

Katikati ya miaka ile ya tisini wafugaji walikuwa wanazidi kuja kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Familia moja ya Kisukuma ikajenga upande wa pili wa bonde, ng'ambo ya shamba langu. Mwaka huo nilikuwa na matuta ya viazi vitamu bondeni, matuta yaliyonyooka, mtu akipita anasimama kuangalia. Siku moja mchana ng'ombe waliingia. Matuta manne yaligeuka uwanja wa mpira. Viazi vilivyobaki, hata nguruwe angeona aibu kuviokota.

Sikugombana na mtu. Mimi ni mtu wa maombi. Niliwasamehe kwa mdomo, na moyoni nikaanza kuyahesabu yale matuta kila siku.

Mwaka uliofuata kijana wa familia ile, anaitwa Maduhu, akampenda Yusta wangu. Naye Yusta akampenda. Yusta alikuwa ameshakuwa mkubwa, anaimba kwaya, na alikuwa na tabia moja niliyomfundisha mwenyewe, kwamba jambo lolote kubwa aliombee kwanza. Maduhu alikuwa anasali na sisi, anakaa benchi la nyuma, anaimba vibaya lakini anafika mapema. Wakaleta habari kwa utaratibu, mshenga akaja, akakaa, akanywa uji. Nikamwambia aniache nimwulize Mungu.

Nilifunga siku tatu. Chumbani peke yangu, maana Bibi Zilipa alikuwa amekwenda Litapunga kumtunza binti yake aliyejifungua, na mwenzetu wa tatu sikumwita. Ndoo sikubeba, nikajiambia ufunguo ninao mimi. Maharage sikuchambua. Na kanuni yetu kwamba mtu hapimi ujumbe wa nyumba yake mwenyewe, niliikumbuka vizuri, nikaiweka pembeni kama mtu anavyoweka kando mgeni asiyetakiwa. Siku ya tatu nikasikia. Maneno yamenyooka kabisa: mtoto wako asiingie kwenye nyumba ya watu wasiojua mipaka, walivyofanya kwenye matuta manne ya bondeni ndivyo watakavyofanya kwake.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa. Matuta sikuyataja, nikafupisha. Nikasema Bwana amesema ndoa ile haipo. Watu wakasema amina, maana mimi ndiye mwenye ufunguo. Maduhu alitoka taratibu, akafunga mlango nyuma yake bila kuupiga.

Yusta hakulia na hakubisha. Alituma neno kwamba yameisha, akaendelea na kazi. Tatizo likaonekana nyumbani, kwenye sala ya jioni. Kwetu kila mtu anaomba kwa zamu. Ikifika zamu ya Yusta anasema amina, basi. Wiki ya kwanza nikanyamaza. Wiki ya tatu nikamfuata jikoni nikamwuliza tangu lini amekuwa bubu mbele za Mungu.

Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Mama, ungesema hapana wewe, ningekubembeleza mpaka uchoke. Umesema ni Mungu. Sasa nimbembeleze nani?"

Nikamwambia akaombe.

"Niliomba kabla yako," akasema. "Nilipata amani kabisa. Sasa wewe umesikia vingine. Kama ile amani haikuwa yeye, basi mimi sijawahi kumsikia, hata siku moja. Kwa hiyo nasema amina, nawaachia nyie mnaomsikia."

Nikatoka jikoni. Nikaenda kukagua kuku, ambao hawakuhitaji kukaguliwa. Mwanangu kukosa mume ni jambo linalozungumzika. Lakini huyu nilikuwa nimemnyang'anya Mungu wake, na niliyetumia kumnyang'anya ni Mungu huyo huyo.

Bibi Zilipa aliporudi kutoka Litapunga alikuwa ameshapewa habari njiani, na kila aliyempa aliongeza kidogo. Akaja kwangu na ungo wake wa maharage. Akakaa, akanikalisha upande wa sikio zima, akasema nimrudie ujumbe neno kwa neno, bila kufupisha. Nikaanza. Nilipofika bondeni akainua mkono.

"Alitaja matuta?"

"Alitaja."

"Mangapi?"

"Manne."

Akachambua kidogo. Akatupa jiwe moja nje.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, na hivyo ndivyo alivyoniita kwa Kirundi akiwa anataka kuniumiza kwa upole, "Mungu hana matuta Magamba. Mwenye matuta manne bondeni ni wewe."

"Mama, nilifunga siku tatu."

"Na viazi vilifunga na wewe. Sasa niambie, wewe mwenyewe alikuambia ufanye nini?"

Nikafikiri. Nikasema hakuniambia kitu.

"Ametoka kwake huko, siku tatu mko pamoja, anamsema kijana wa watu, na wewe akakuacha ulivyo? Hajaona kitu cha kutengeneza?"

Tulichambua ule ungo mpaka ukaisha. Sitawaambia nilisikia sauti, maana sikusikia. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba chakula kimeungua kabla hajafunua sufuria.

Nikamwambia baba Yusta. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema yeye alijua tangu Jumapili ile. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema nilishasema ni mimi na Mungu, na yeye hajazoea kubishana na watu wawili.

Mchungaji ndiye aliyenisumbua. Alikuwa mtu mwema, anapenda amani, hata pale isipotakiwa. Akasema nikisimama kufuta neno, watu wataanza kutilia shaka kila ujumbe. Akashauri tuseme kwamba Bwana amebadilisha. Nikamwambia mchungaji, nimeshamsingizia Mungu mara moja, unataka nimsingizie na mara ya pili ili ile ya kwanza ipendeze? Akajikuna kidevu. Akanipa nafasi, baada ya matangazo.

Nikasimama. Magoti yalikuwa mazima siku hizo. Nikasema, "Lile nililowaambia juu ya Yusta na Maduhu, Mungu hakulisema. Nililisema mimi, kwa sababu ya viazi." Mtu mmoja nyuma akacheka, benchi likafuata, kanisa zima likacheka, na mimi nimesimama pale pale. Nilimwacha kila mtu amalize. Yusta hakucheka. Ila alikuwa ameinua uso.

Sasa mnadhani yaliisha. Maduhu hakuwepo. Tangu siku ile alikuwa haji kanisani, na habari zilikuwa kwamba baba yake anataka kumpeleka upande wa Inyonga kwa ndugu zake, akaanzie maisha huko. Kanisa lilikuwa limeshasikia. Wenyewe walikuwa hawajasikia.

Kesho yake nikavuka bonde. Nilimkuta mama yake, ambaye watu wote walimwita Mayu, amekaa chini anaosha vibuyu vya maziwa. Mwanamke mkubwa, mkali kama mimi, na nilimjua kwa kumwona tu. Nikamsalimia Kisukuma, neno moja ninalolijua, mwadila. Akaitika bila kuinua kichwa. Akaniuliza leo Mungu wangu amesemaje juu ya nyumba yake.

Nikamwambia leo sikuja na Mungu, nimekuja kwa miguu.

Akanionesha kigoda. Nikakaa. Akaendelea kuosha. Aliosha kibuyu cha kwanza, cha pili, cha tatu, na mimi nikawa nimenyamaza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nikayaacha. Kama kuna siku maharage ya Bibi Zilipa yalinifaa ni siku ile. Ng'ombe walikuwa wameanza kurudi ndipo Mayu akasema.

Akasema siku ng'ombe walipoingia kwangu, aliyekuwa anachunga si Maduhu. Alikuwa mdogo wake, akapitiwa na usingizi. Lakini Maduhu ndiye aliyechukua jembe akavuka bonde siku hiyo hiyo, aje aombe radhi na kuyainua yale matuta upya kwa mikono yake.

"Alifika mlangoni kwako," Mayu akasema. "Akapiga hodi mara tatu. Anasema ulikuwa ndani unaomba, na kila akipiga hodi wewe unaongeza sauti. Akarudi na jembe lake. Akasema mama, yule mtu anaongea na mkubwa, tusimsumbue."

Nilikumbuka. Hodi zile nilizisikia. Nilidhani ni jirani anayetaka chumvi, nikasema moyoni shetani ana mbinu, nikapandisha sauti. Na nilichokuwa naomba nakikumbuka pia, sitawaficha. Nilikuwa namwomba Mungu amlete mbele yangu mwenye wale ng'ombe.

Nikamweleza Mayu hilo, kama lilivyo. Akaniangalia, kibuyu mkononi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakiweka kibuyu chini, akafuta macho kwa kanga, akasema basi mimi ndiye mtu wa kwanza anayemjua aliyejibiwa haraka namna ile akamfukuza aliyeletwa. Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijacheka tangu matuta yalipoharibika.

Lakini ahadi hakunipa. Alisema mtoto amesemwa mbele ya watu, wazee wake wameumia, atawaeleza, wao ndio wataamua. Kama wakikubali watakuja. Kama wasipokuja nisitume mtu.

Nikarudi nikamweleza Yusta yote, pamoja na hodi. Nikamwambia ile amani yake nisingeweza kuipima mimi, aiulize mwenyewe tena, na nikamwomba msamaha. Jioni ile zamu yake ilipofika akaomba, sentensi mbili, ya pili ikiwa juu yangu. Sitaiandika.

Siku zikapita. Wiki moja, ya pili, ya tatu. Nilikatazwa kutuma mtu, sikutuma. Sikusema nimeoneshwa watakuja, wala nimeoneshwa hawaji. Nilichambua maharage ya nyumba nzima, na ya jirani pia.

Jumamosi moja mchana tulikuwa sebuleni tunaomba. Baba Yusta ndiye aliyekuwa anaomba, na yeye akishaanza, kwa kuwa huanza mara chache, hupitia mambo ya mwaka mzima. Alikuwa amefika kwenye mvua. Nje nikasikia miguu, si ya mtu mmoja. Halafu sauti ya mwanamke mkubwa, hodi. Hakuna aliyetikisika. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, nyumba nzima, kwamba sala ikianza jicho halifunguliwi na mtu hainuki, hata paa liwake. Hodi ya pili. Baba Yusta akaongeza sauti, maskini, kwa mfano niliomwonesha mimi miaka yote. Nikafungua macho. Yusta alikuwa amefumba yake kwa nguvu, vidole vimeshikana.

Nikasema kwa sauti ya nyumba nzima kusikia:

"Baba Yusta, ishia hapo kwenye mvua. Yusta, inuka ukafungue. Na nyie wote, kuanzia leo mtu akipiga hodi mnaacha kuomba mnafungua mlango, hata kama anayeomba ni mimi. Hasa kama ni mimi."